Daftari la Walioondoka

Mwaka ule klabu yetu ilikuwa imebaki na watu kumi na mmoja, na kati ya hao wawili walikuwa wagonjwa na mmoja alikuwa amehamia Tanga bila kutuaga. Tulikutana kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa nyumba ya wageni pale Same mjini, si mbali na stendi. Viti vilikuwa arobaini. Mhudumu alivipanga vyote kwa mazoea, nasi tukakaa mmoja huku na mmoja kule, kama meno ya mzee.

Ilikuwa klabu ya huduma, ya watu wa kawaida: walimu, wenye maduka, mchungaji mmoja mstaafu, mimi. Tulikuwa tumefanya mambo. Tulijenga tangi la maji kwenye zahanati moja ya tambarare. Tuliwapelekea miwani wazee wa milimani ambao walikuwa hawawezi tena kusoma Biblia zao. Tulipanda miti, mbuzi wakaila, tukapanda tena. Lakini watu walikuwa wakiingia kwa makofi na kutoka kimyakimya, na sisi tuliobaki tuliambiana kwamba siku hizi watu hawana moyo wa kujitolea.

Mimi nilikuwa nesi mkunga. Nilizalisha katika wilaya ile mpaka nikawazalisha wasichana niliowapokea mimi mwenyewe walipozaliwa. Nusu ya kazi ile ni mikono na nusu ni kunyamaza. Nilijua nani anameza dawa gani, na nani alipoteza mimba ambayo kwao hawakujua ilikuwepo. Sikuwahi kusema. Mume wangu, alipokuwa hai, alikuwa akinitania kwamba ameoa kabati lililofungwa na ufunguo wake ukatupwa mtoni.

Mwenyekiti wetu alikuwa mkuu wa shule mstaafu. Mimi nilimwita Mwalimu, yeye aliniita dada, na haikuwa adabu tupu. Mume wangu alipofariki, Mwalimu alisimama getini kwangu siku tatu akipokea watu. Mazishi yalikuwa Mamba, kwao mume wangu, na mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kupanda mlimani. Akatangulia kwa miguu na wanaume wengine, wakaweka mawe kila penye tope ili gari lililobeba mwili lipite. Nilimkuta juu akiwa na udongo mpaka magotini, amekaa kwenye jiwe anapumua kwa shida. Hayo sijayasahau. Kama asingekuwa mtu wa namna hiyo, haya mengine yasingeniuma kiasi hiki.

Basi, ikaja barua kutoka kwa viongozi wa kanda. Kila klabu ijitathmini, ijue kwa nini haikui, kisha iandike mpango wa kuongeza wanachama. Iliambatana na dodoso la kurasa sita. Tulilijaza pamoja Jumamosi moja. Mwalimu alisoma swali, tukapiga kura ya alama kuanzia moja mpaka tano. Je, mikutano yenu inavutia? Tukajipa nne. Je, mgeni anajisikia kukaribishwa? Tano. Je, huduma zenu zinaheshimu wanaohudumiwa? Tano, tena bila majadiliano. Tulipofika mwisho tulikuwa klabu bora kabisa yenye watu kumi na mmoja.

Nikanyoosha mkono. Nilisema kwamba tunajipima joto kwa mikono yetu wenyewe. Wanaojua ugonjwa wetu ni wale walioondoka, tuwaulize wao. Wengine walinung'unika. Mwalimu akanitazama kwa furaha, akasema hilo ndilo wazo pekee la maana alilolisikia asubuhi ile, na kwamba kazi hiyo ni yangu.

Nilikubali kwa sharti moja. Nilimwambia mbele ya wote kwamba watu hawatasema ukweli kama wanajua utarudi mjini na majina yao. Nitakachokiandika kwenye ripoti hakitakuwa na jina wala kitu cha kumtambulisha mtu. Akajibu kwamba bila shaka, na ikaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Niliiona ikiandikwa.

Nilinunua daftari gumu la jalada la bluu nikaanza kuzunguka. Niliwafikia watu tisa. Msichana mwenye saluni pale pale Same aliniambia alikuja mikutano minne, na yote minne alitumwa kuhudumia chai. Mkulima mmoja wa mpunga wa Ndungu alinipokea akiwa ndani ya jaruba, suruali imekunjwa, na hakutoka majini muda wote tulioongea. Alisema sisi tunasoma kumbukumbu za mkutano uliopita mpaka mkutano wenyewe unaisha. Kisha akaniuliza kama tumewahi kuhesabu majirani zetu wanaosali Jumamosi. Nilibaki nimeshika kalamu. Nusu ya watu ninaowafahamu milimani husali Jumamosi, na kwa miaka yote ile tulikuwa tukijiuliza kwa nini hawajiungi nasi.

Nilifurahia kazi ile kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimeanza kuwa mjane wa kukaa barazani, na ghafla nikawa na safari, na watu wakiniambia ukweli kama zamani wodini.

Wa mwisho alikuwa wifi yangu wa Mamba. Alikuwa binti wa baba mdogo wa mume wangu, kwa hiyo ni wifi yangu wa ukoo, lakini tulipendana kuliko wifi wengi wa tumbo moja. Ni mimi niliyemwingiza kwenye klabu. Alikuwa akilima tangawizi, alikuwa kiongozi wa kikundi cha wakulima, na alikuja mikutanoni kutoka mlimani kwa bodaboda kisha basi, akafika kabla ya sisi tunaokaa mjini. Halafu siku moja akaacha kuja. Kwenye kitabu chetu iliandikwa: aliacha kwa sababu ya umbali. Na mimi, aibu yangu, niliamini hivyo, kwa kuwa mume wake alikuwa amepata kiharusi na nilidhani mambo yamemzidi. Nilikwenda kuwaona mara mbili tatu, nikampima shemeji presha, tukazungumza ya nyumbani. Ya klabu hatukuyagusa.

Safari hii nilimwambia wazi kilichonileta. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba, anasugua udongo kwenye tangawizi aliyoivuna asubuhi, na mikono yangu nayo ikaingia kwenye karai kumsaidia. Alimaliza kusugua kipande alichokishika, akakiweka pembeni. Kisha akaniuliza kama nakumbuka siku klabu ilipomletea mume wake kiti cha magurudumu.

Nilikumbuka, ingawa siku hiyo sikuwepo. Nilikuwa Dar kwa mwanangu. Akanisimulia. Wanachama wanane walikuja na fulana za klabu. Mume wake alikuwa mtu aliyechimba mifereji ya mtaa ule kwa mikono yake, mtu ambaye watu walimwita kuinua kilichowashinda. Walimbeba kutoka kitandani kumweka kwenye kiti. Shati likafunguka, na kwa kushtuka akajikojolea. Wakati huo huo mtu alikuwa akipiga picha.

Jumamosi iliyofuata wifi yangu alikwenda Same mkutanoni. Mlangoni mwa ukumbi lilikuwa limetundikwa bango jipya, na kwenye bango alikuwa mume wake, mdomo umepinda, suruali imelowa, wanachama wanane wakitabasamu nyuma yake. Hakuna aliyemuuliza kabla. Yeye mwenyewe alikuwa mwanachama, mwenye fulana kama zao, na alilazimika kupita chini ya picha ile ili aingie ndani. Aliingia. Akakaa, akanywa chai, akasikiliza kumbukumbu. Hakurudi tena.

Nami nilikuwa nimepita chini ya bango lile Jumamosi nyingi. Nilimwona shemeji yangu pale nikafurahi kwamba amepata kiti.

Hakuishia hapo. Aliniambia kwamba picha ilifika mpaka kwenye simu za vijana wa kijijini, na mmoja, bila ubaya, akamwonyesha mgonjwa mwenyewe. Shemeji alikataa kula siku mbili. Siku ya tatu alilia, akamwomba mke wake amwache tu afe. Kiti hakutaka kukiona tena. Wifi yangu alikifunika kwa magunia kwenye stoo ya tangawizi, na wageni wakiuliza aliwaambia kimeharibika tairi.

"Sijamwambia mtu yeyote, hata watoto," alisema. "Nakwambia wewe kwa sababu wewe ni nesi, na ni wifi yangu. Huko usiseme ni mimi."

Nilimwambia hatalisikia neno hilo kutoka popote. Nilisema hivyo nikiwa nimeshika kipande cha tangawizi mkononi, na nilikuwa na hakika kuliko nilivyowahi kuwa na hakika ya jambo lolote.

Ripoti niliiandika kwa wiki mbili. Niliandika kwamba tuhamishe mkutano kutoka Jumamosi kwenda Jumapili alasiri. Kwamba kumbukumbu zisambazwe kwenye simu, zisisomwe. Kwamba vijana wapewe kazi zenye uzito. Na kwamba asipigwe picha mtu yeyote anayepokea msaada bila ridhaa yake na ya familia yake, kwa kuwa tumewahi kuwavunjia watu heshima bila kujua. Basi. Hapakuwa na Mamba wala tangawizi wala kiharusi.

Mwalimu alikuja kwangu kuisoma. Aliisoma yote mezani, miwani puani kama mtu anayesahihisha mtihani, akaisifu. Kisha akasema kitu kimoja kinamsumbua. Haya ya picha, alisema, hayaeleweki. Yeye kama mwenyekiti anahitaji kujua kosa lilikuwa lipi ili alirekebishe, maana huwezi kutibu usichokiona. Akaniuliza kama anaweza kuazima daftari langu kwa siku mbili.

Nilisita. Hilo naweza kulisema kwa kweli, nilisita. Nilimkumbusha yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano.

"Dada, baada ya yote tuliyopitia, unadhani naweza kukuaibisha?"

Nilimwona amekaa kwenye lile jiwe na udongo mpaka magotini. Nikaingia ndani nikamletea daftari.

Alilirudisha siku ya pili kama alivyoahidi, limefungwa ndani ya gazeti. Alisema limemhuzunisha sana, na kwamba bango lile litateremshwa. Kweli likateremshwa. Nilikwenda mwenyewe kuhakikisha, na nilipoona ukuta mtupu nilimpigia wifi simu kumwambia. Sikusema kwa nini liliteremshwa. Nilisema tu kwamba klabu imebadilika. Tulikuwa tunaandaa siku ya kukaribisha wanachama wapya, viongozi wa kanda wangekuja, na nilimwomba aje akae nami. Alikataa. Nikamwomba tena wiki iliyofuata. Nilitaka nimrudishe mimi, kama nilivyomwingiza mimi. Mwishowe akasema atakuja, ila asikae mbele.

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Walikuja wafanyabiashara wa mjini, walimu vijana, wauguzi niliowafundisha kazi, hata meneja mmoja kutoka shamba la mkonge. Viti arobaini havikutosha. Wifi yangu alifika mapema kama kawaida yake, amevaa gauni la kijani la kitenge ambalo sikuwahi kumwona nalo, na alileta mfuko wa tangawizi kwa ajili ya chai. Alikaa safu ya tatu kutoka nyuma. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kukaa mezani mbele na kompyuta, kubonyeza ili kila ukurasa wa maelezo utokee ukutani Mwalimu anapoongea.

Alianza vizuri. Alieleza habari za Jumamosi, watu wakacheka na kutikisa vichwa. Alieleza habari za chai na yule msichana wa saluni, bila jina wala saluni, kama nilivyoandika. Nilibonyeza. Ukurasa uliofuata sikuutambua. Haukuwa kwenye ripoti yangu. Ulikuwa na maneno makubwa: Mfano Hai.

Akasema kwamba kujitathmini kwa kweli kunauma, na kwamba klabu hii haiogopi kuumia. Kisha akasimulia. Tulimsaidia mwanachama wetu mmoja, mama wa huko Mamba, mkulima hodari wa tangawizi, ambaye mumewe alipata kiharusi. Tulimpelekea kiti cha magurudumu. Mama huyu, kwa kuumizwa na picha tuliyoipiga tukiwa na nia njema, alikificha kiti kwenye stoo yake ya tangawizi, akakifunika magunia, akawadanganya watu kwamba kimeharibika tairi. Mgonjwa akalia akiomba kufa.

"Tazameni," alisema, "jinsi huduma njema inavyoweza kuzaa machungu pale mawasiliano yanapokosekana kati yetu na wanaohudumiwa."

Aliposema habari ya tairi, watu wachache walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, ndivyo watu wanavyocheka ukumbini wanapopewa nafasi. Meneja wa mkonge alikuwa anaandika.

Ningeweza kusimama. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi, nami ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote, hatua mbili tu. Nilichofanya ni kubonyeza. Nilibonyeza haraka ili ule ukurasa uondoke, ukatokea mwingine wenye picha ya tangi la maji, na Mwalimu akageuka akanitazama, akasema kwa upole kwamba bado hajamaliza, nirudishe. Nikaurudisha.

Nilipoweza kutazama nyuma, wifi yangu alikuwa bado amekaa. Hakuwa akimtazama Mwalimu. Alikuwa akiutazama mkono wangu uliokuwa kwenye kompyuta. Karibu naye walikaa wanawake wawili wa Mamba wanaouza sokoni Same, nao walikuwa wakiangalia chini kama watu waliofumania jambo. Alingoja mpaka makofi yalipopigwa, akainuka, akavuta ushungi wa kanga yake mabegani, akatoka kwa mlango wa pembeni. Kufika kwangu nje bodaboda ilikuwa imeshaondoka. Mfuko wake wa tangawizi ulikuwa jikoni, na wapishi walikuwa wameshaikatakata kwenye sufuria.

Mwalimu nilimkuta uani baada ya wageni kuanza kula. Alikuwa na furaha. Kiongozi wa kanda alikuwa amemwambia hajawahi kuona klabu inayojikosoa kwa ujasiri namna ile. Nilimwambia kwamba yule mama alikuwa ukumbini.

Alishtuka, hilo silikatai. Akaangalia mlangoni, kisha akaniangalia mimi.

"Mbona hukuniambia kwamba atakuja?"

"Uliniahidi, Mwalimu."

"Sikutaja jina, dada. Sharti lako lilikuwa jina, na sikulitaja."

"Wanaolima tangawizi Mamba ni wengi. Aliyepewa kiti na sisi ni mmoja."

Akasema watu husahau. Akasema kwamba bila kisa kama kile ripoti ingekuwa maneno matupu, na watu hawaguswi na maneno matupu, hilo yeye analijua tangu darasani. Kisha akafungua bahasha aliyokuwa ameikumbatia, akanionyesha fomu zilizojazwa asubuhi ile. Zilikuwa nyingi kuliko wanachama wote tuliokuwa nao. Alinionyesha kama mtu anayemwonyesha mwenzake mtoto mchanga.

Nilitaka kumwambia kwamba nimekaa na siri za wilaya nzima kwa miaka yangu yote ya kazi, na yeye amenichukulia moja kwa siku mbili tu akaniharibia zote. Nilishindwa. Nilichosema ni kwamba mimi narudi nyumbani.

Nilikwenda Mamba siku nne baadaye. Simu hakupokea, kwa hiyo nilikwenda bila taarifa. Bodaboda iliniacha chini ya shamba nikapanda kwa miguu. Shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya nyumba, jua likimpiga mguu ule usio na nguvu. Nilimsalimu. Aliitikia kwa kichwa, akageuza uso upande wa migomba. Nikajua kwamba na yeye ameshajua. Wale wanawake wa sokoni, au mtu mwingine aliyesikia kwao.

Wifi alitoka ndani akajifuta mikono.

"Karibu, Nesi," akasema.

Tangu nilipoolewa hakuwahi kuniita hivyo. Alinipa kiti, akaniletea bakuli la makande, kwa sababu mgeni hupewa chakula, akakaa mbali nami, upande wa mume wake. Nilikula. Nisingeweza kuyaacha. Kisha nikaomba radhi. Nilieleza kila kitu kama kilivyokuwa, ripoti, sharti, kumbukumbu za mkutano, na namna Mwalimu alivyoliomba daftari. Nilimwambia nililitoa ili mwenyekiti aelewe kosa letu.

"Kwani mimi nilikwambia ili nani aelewe?" aliuliza.

Aliendelea polepole, bila kupandisha sauti. Alisema Mwalimu hamlaumu, maana Mwalimu si mtu wake, na mtu asiye wako humdai kitu. Alisema hata waliocheka amewasamehe, hawakujua. Kinachomshinda ni kwamba aliponiona pale mbele, mkono kwenye kompyuta, alidhani nitasimama. Alingoja. Ndiyo maana hakutoka mapema.

"Ulikuwa unazigeuza kurasa," alisema. "Kila alipomaliza kusema, wewe unageuza."

Shemeji alisema kitu wakati huo, kwa Kipare, kwa ule ulimi wake mzito. Alimwambia mke wake aniache niende, basi linaweza kuniacha. Nadhani lilikuwa neno la huruma. Nimelichukua hivyo.

Wiki ile ile kiti cha magurudumu kilifika Same juu ya basi, kimefungwa kamba, kimeoshwa, bila barua. Utingo alikishusha stendi akauliza ofisi ya klabu iko wapi. Baadaye kilipewa mzee mwingine, wa tambarare, na nasikia hawakumpiga picha.

Nami niliandika barua ya kujiuzulu. Nilieleza sababu kwa sentensi tatu, bila matusi, nikaomba isomwe mbele ya wanachama. Haikusomwa. Mmoja wa wauguzi waliojiunga siku ile aliniambia kwamba kwenye kitabu imeandikwa nimepumzika kwa sababu za kiafya.

Klabu imekua. Nalisema hili kwa sababu ni kweli na kwa sababu ndilo linalonichanganya zaidi. Walihamia Jumapili alasiri, na majirani wanaosali Jumamosi wakaanza kuja. Vijana wanaongoza kamati mbili. Wana sheria ya picha, imebandikwa ukutani, karibu neno kwa neno kama nilivyoiandika. Wamejenga matangi mengine mawili. Kila nilichopendekeza kimefanya kazi, na ninapopita kando ya ukumbi ule Jumapili nasikia sauti za watu wengi, nashindwa kujua nifurahi au nifanye nini.

Mwalimu tulikutana sokoni mwaka jana, kwenye nyanya. Amezeeka, anatembea na fimbo. Alinisalimu kwa uchangamfu kama zamani, akaniuliza watoto, akasema milango iko wazi, nirudi, bado wanataja ile tathmini yangu. Alisema "tathmini yako" kama mtu anayekurudishia mali yako. Nilitafuta usoni mwake dalili kwamba anajua alichofanya. Sikuiona, na nilielewa kwamba sitaiona. Anakumbuka siku ile kama siku nzuri. Nilimshukuru kwa kunisalimu. Hata sasa nikisikia anaumwa nitakwenda kumwona, kwa ajili ya mawe yale ya barabarani. Lakini sitamwambia tena jambo.

Shemeji alifariki mvua za vuli zilizopita. Nilipanda Mamba kuzika. Wifi alinipokea, akaniruhusu nikae jikoni na wanawake wa ukoo, nikachambua maharage siku mbili. Tuliongea ya sufuria na kuni na nani amefika. Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka njia panda, jambo ambalo hakulazimika kulifanya, tukaagana kwa mikono. Ni yeye pia aliyeniambia, nilipomuuliza juzi kwa simu, kwamba naweza kuyaandika haya. Alisema wote wameshayasikia kwa midomo ya wengine, bora yasikike mara moja yakiwa sawa. Aliniita Nesi.

Mwezi uliopita binti wa jirani yangu alibisha hodi mchana, macho mekundu, akakaa kwenye ukingo wa kochi akazungusha pete yake. Aliniambia ana jambo, na mama yake amemwambia kwamba mimi ndiye mtu wa kuambiwa. Zamani ningefunga mlango, nikateleka chai, nikangoja. Safari hii nilimwambia kwamba hospitali ya wilaya kuna wauguzi wazuri, wasichana wa siku hizi wamesoma kuliko sisi, nitampeleka mwenyewe kama anaogopa njia. Alinishangaa. Akasema hapana, hataki hospitali, anataka kuongea tu.

Nilimtazama muda. Kisha nikamwambia aongee, lakini aniache kwanza nikae karibu, maana nilikuwa bado nimesimama mlangoni, nimeshika kitasa.